Jedwali moja la pivoti nililigawa kwa robo mwaka, la pili likabadilika bila kuguswa

Jamani, kama una majedwali mawili ya pivoti, yaani yale yanayofupisha na kujumlisha data ndefu kwa makundi unayochagua, yaliyotoka kwenye data moja, usiguse makundi ya tarehe kwenye lolote kati yao kabla hujasoma haya. Programu ninayoisema ni Excel, ya lahajedwali, ipo kwenye kompyuta za ofisi karibu zote, na nimeitumia miaka mingi. Nimeisifia kwa watu. Nimewafundisha wengine kuitumia. Sasa nina hasira nayo ambazo hazijapoa tangu juzijuzi.

Ripoti yenyewe ilikuwa ya mauzo, yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza mauzo ya kila mwezi, kwa ajili ya wasimamizi wa matawi. Wa pili mauzo ya kila robo mwaka, kwa ajili ya wakurugenzi, ambao hawana haja ya kuona miezi yote. Data ni ileile, karatasi moja ndefu ya tarehe, tawi, bidhaa na kiasi. Nikatengeneza jedwali la kwanza, nikabofya tarehe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuweka kwenye makundi, nikaweka tiki kwenye miezi na miaka. Likatoka safi. Nikaenda ukurasa wa pili, jedwali jipya, makundi ya robo na miaka. Nalo safi. Nikahifadhi, nikatuma.

Simu ikaja kutoka chumba cha mkutano, spika imewashwa, watu wote wanasikia: "Mbona ukurasa wa miezi hauna miezi?"

Nikafungua faili. Kweli hauna. Ukurasa wa kwanza, ambao sikuurudia kwa sababu hapakuwa na lolote la kurudia, umegeuka robo mwaka kama wa pili. Nikaurudisha kwenye miezi harakaharaka huku watu wananisubiri. Kuangalia ukurasa wa pili, nao umekuwa miezi. Nikaurekebisha wa pili, wa kwanza ukaharibika tena. Fikiria unafanya hayo huku mtu anakuuliza kwenye simu kama tayari.

Chanzo nimekijua baadaye, na kukijua ndiko kulikonipandisha hasira zaidi. Unapotengeneza jedwali la pivoti, programu haisomi karatasi yako kila mara. Inachukua nakala ya data na kuiweka ndani ya faili. Wataalamu huiita kache. Ndiyo maana ukisahihisha namba kwenye karatasi ya data, jedwali halibadiliki mpaka uliagize lisome upya. Hilo sina ugomvi nalo, ndilo linalolipa jedwali kasi yake. Ugomvi wangu ni huu: ukitengeneza jedwali la pili kutoka data ileile, programu inalifunga kimyakimya kwenye nakala ileile ili kuokoa kumbukumbu, na makundi yanaandikwa kwenye nakala, si kwenye jedwali. Kwa hiyo majedwali mawili yana makundi mamoja tu. Ndivyo ilivyo kwa umri pia: ukiwagawa wateja kwa miaka mitano mitano hapa na kumi kumi kule, utabaki na ule mgawo ulioufanya mwisho, pande zote mbili.

Na hakuna onyo! Hakuna hata mstari mmoja wa kusema "badiliko hili litagusa jedwali lingine". Matoleo ya zamani yalikuwa yanauliza: unataka jedwali jipya litumie nakala iliyopo, au lijitegemee? Swali la sekunde moja. Wakaliondoa njiani. Wazo la kuzungusha data kwa kuburuta vichwa vyake watu walikuwa nalo tangu Improv, programu ya lahajedwali ya kampuni ya Lotus, mwaka 1991, na miaka yote hii baadaye mtumiaji hawezi kuambiwa kwamba mkono wake wa kulia unavunja alichojenga kwa mkono wa kushoto?

Niliandika kwa huduma kwa wateja. Nilieleza kwa adabu, nikaambatisha picha za kurasa zote mbili, kabla na baada. Jibu lilikuja baada ya kusubiri sana: "Hiyo si hitilafu. Ndivyo ilivyoundwa." Basi. Hakuna pole, hakuna njia mbadala, hakuna jina la mtu aliyejibu. Mtu ameaibika mbele ya wakubwa zake kwa kazi aliyoifanya sawasawa, unamjibu hivyo?

Dawa nimeitafuta mwenyewe. Bonyeza Alt, achia, kisha D, kisha P. Linafunguka dirisha la zamani la kutengenezea pivoti, ambalo kwenye menyu za kawaida hulioni. Litakupitisha hatua kwa hatua, na ukichagua eneo lilelile la data, lile swali lililoondolewa linatokea. Jibu hapana. Jedwali jipya linapata nakala yake, na makundi yake hayamgusi mwenzake. Usinakili jedwali la kwanza na kulibandika kwingine ukidhani umepata jipya. La kunakili linabaki kwenye nakala ileile.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Faili likanenepa, kwa sababu sasa data imehifadhiwa mara mbili. Hilo ningevumilia. Lakini vile vitufe vya kuchuja, slaisa, nilivyokuwa nimeviweka ili mtu akibonyeza tawi moja kurasa zote zibadilike, vikakataa. Slaisa moja inaongoza majedwali yanayotumia nakala moja tu. Kwa hiyo unachagua: makundi tofauti bila kichujio cha pamoja, au kichujio cha pamoja na makundi mamoja. Hapo ndipo nilipoapa kuipa nyota moja na kuhama.

Sikuhama, kwa sababu nimepata njia ambayo, kusema ukweli, imenifanya niipende pivoti upya. Achana kabisa na makundi ya programu. Kwenye karatasi ya data ongeza safu tatu za fomula: mwaka, robo na mwezi. Robo ni rahisi, namba ya mwezi igawanye kwa 3 kisha uipandishe hadi namba kamili. Mwaka wako wa fedha ukianza Julai, fomula inakubali kusogezwa, wakati makundi ya programu yanajua robo ya kwanza moja tu, Januari hadi Machi. Miezi iandike na namba mbele, 01 Januari, 02 Februari, la sivyo jedwali litaipanga kwa alfabeti na Agosti itatangulia. Baada ya hapo majedwali yote yanakaa kwenye nakala moja, slaisa inafanya kazi, na kila jedwali linaburuta ngazi linayoitaka.

Na hizo ngazi, wanaoanza wazielewe vizuri. Programu haijui kwamba mwezi umo ndani ya mwaka. Inafuata mpangilio uliouweka kwenye eneo la safu mlalo, wa juu ndiye mzazi. Mwaka juu, robo chini yake, mwezi chini yake, unapata mtiririko wa kawaida. Ukiburuta mwezi peke yake, Januari ya 2023 na Januari ya 2024 zinajumlishwa kuwa kitu kimoja, na jumla inaonekana nzuri kabisa huku ni upotoshaji. Makundi ya tarehe ya programu nayo yana mtego huohuo ukitia tiki miezi ukaacha miaka. Lakini weka mwezi juu na mwaka chini yake kwa makusudi: Januari inafunguka na miaka yake yote imepangwa chini, moja baada ya nyingine, na unaona papo hapo kama Januari zako zinapanda au zinashuka. Kwa mwonekano huo mmoja nimewahi kugundua tawi lililokuwa linaporomoka kila Aprili bila mtu kujua.

Ipo pia njia ya modeli ya data, yaani hifadhi ya majedwali yaliyounganishwa ndani ya faili, ambako ngazi zinahifadhiwa kama ngazi za kweli. Nimeijaribu, ni nzuri kwa data kubwa, ila unapoteza sehemu za kukokotoa, yaani fomula unazoziandika ndani ya pivoti yenyewe, nami nazihitaji.

Kwa zile Januari zilizopangwa ningetoa nyota nne bila kusita. Kisha nakumbuka ile spika ya chumba cha mkutano, na lile jibu lisilo na jina. Natoa mbili, na zitabaki mbili mpaka lile swali walirudishe mahali mtu wa kawaida anapoweza kuliona.