Uzoefu wangu: gereji ya Tanga iliyomaliza mtikisiko wa usukani kwenye Land Cruiser yangu

Gari langu ni Toyota Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 79, injini ya dizeli 1HZ ya lita 4.2, na nalitumia kubebea machungwa kutoka vijiji vya Muheza wakati wa msimu na vifaa vya ujenzi miezi inayobaki. Gereji ninayoizungumzia ni ndogo, iko Ngamiani, Tanga mjini, haina bango wala ofisi ya maana, na mafundi wake wamezoea zaidi magari ya mashambani na ya miradi kuliko magari madogo ya mjini. Niseme mapema kwamba nimeridhika na kazi yao, ingawa yapo mambo mawili matatu ambayo hayakunipendeza na nitayaeleza.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa kwenye barabara ya Segera, gurudumu moja la mbele likikanyaga kiraka kilichoinuka au kiungio cha daraja, usukani ulianza kurushwa kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono miwili haikuweza kuizuia, dashibodi nzima ikawa inagonga, na hali hiyo haikukoma mpaka mwendo uliposhuka kabisa. Aliyekutwa na jambo hili akiwa na mzigo nyuma na lori la saruji likija mbele yake hahitaji kuelezwa uzito wake. Kinachosaidia wakati huo ni kuachia mafuta, kuushika usukani kwa uthabiti bila kushindana nao, na kupunguza mwendo taratibu hadi pembeni ya barabara, kwa sababu kukanyaga breki kwa ghafla huongeza mzigo kwenye ekseli ya mbele na kunaweza kuufanya mtikisiko uwe mkali zaidi.

Mtikisiko huu ni tofauti na ule wa magurudumu yasiyo na balansi, na watu wengi huvichanganya. Balansi ikiwa mbovu, usukani hutetemeka kidogo kidogo katika mwendo fulani, na ukiongeza au kupunguza mwendo unatulia wenyewe. Huu wa kwangu ulihitaji kuchokozwa na bonde au tuta, kisha ukajiendesha wenyewe. Huonekana zaidi kwenye magari yenye ekseli moja nzima mbele, ambapo gurudumu la kushoto na la kulia yamefungwa kwenye boriti moja na kuunganishwa kwa tairodi, yaani fimbo inayoyageuza pamoja, hivyo gurudumu moja likirushwa huenda na mwenzake. Ndiyo maana pikapu kubwa za Marekani kama Ford F-250 na Ram 2500 zinajulikana sana kwa tatizo hili hili, wakati Hilux nyingi za siku hizi, ambazo kila gurudumu la mbele lina mikono yake na hupanda na kushuka peke yake, hazina.

Kabla ya kufika Ngamiani nilikuwa nimepita gereji nyingine, ambayo sitaitaja, na huko jibu lilikuwa moja tu: shokapu ya usukani imekufa, tuweke mpya. Ikawekwa, gari likatulia kwa muda, kisha mtikisiko ukarudi ukiwa vilevile. Shokapu hiyo kazi yake ni kupunguza mishtuko inayofika kwenye usukani, na ikiwa mpya inaweza kuuficha ulegevu uliopo mahali pengine mpaka nayo ichoke. Haishangazi kwamba ndiyo inayokimbiliwa, maana ni nafuu na hufungwa kwa dakika chache. Hata Ford, mwaka 2019, ilitangaza kuwabadilishia bure shokapu ya usukani wenye F-250 na F-350 za miaka ya 2017 hadi 2019, na wapo wamiliki waliolalamika kwamba haikutosha.

Fundi wa Ngamiani hakuanza na spana. Alikagua kwanza upepo wa matairi na namna yalivyolika, kisha akamwambia kijana wake aketi kwenye usukani, injini ikiwa inawaka na magurudumu yakiwa chini, auzungushe kidogo kushoto na kulia mfululizo, yeye akiwa amelala chini ya gari na tochi. Kwa njia hiyo kila kiungo kinaonekana kikifanya kazi huku kimebeba uzito wake halisi, na kilicholegea hujitangaza chenyewe. Aliniita nikalala pembeni yake. Fimbo ya panhadi, ile inayozuia ekseli isitembee kushoto na kulia chini ya chesisi, ilikuwa ikicheza kwenye mwisho wake wa upande wa ekseli kabla ekseli yenyewe haijasogea, na bolti yake ilikuwa ikipanda na kushuka ndani ya tundu.

“Shokapu uliyowekewa ni nzima kabisa, kaka,” aliniambia. “Kilichokufa ni hiki, na sidhani kama kiko peke yake.”

Alikuwa sahihi. Gari lilipandishwa jeki, akashika gurudumu la kulia juu na chini akalitikisa, likacheza. Kijana akakanyaga breki, akalitikisa tena, na mchezo ukabaki palepale. Maana yake ni kwamba ulegevu haukuwa kwenye beringi za gurudumu, kwa kuwa breki ingeufunga, bali kwenye beringi za kingipini, yaani pini za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia, zinazobeba nako, yaani kile kichwa cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na tangu nilipokiona nimeshawaonyesha madereva wenzangu kadhaa.

Nako ilipofunguliwa, grisi iliyokuwa ndani ilikuwa imegeuka uji mweusi, kwa sababu sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imekatika na oili ya difu ilikuwa ikivuja na kuiyeyusha. Beringi ya chini ilikuwa na kutu, na kikombe chake, yaani ringi ya nje, kilikuwa na alama za mistari mifupi pale ambapo rola zilikuwa zikigonga mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Nilipitisha ukucha juu yake ukawa unakwama kwenye kila mstari. Beringi ikiwa hivyo, gurudumu hupata mahali pa kukaa likiwa limenyooka, lakini likishatolewa hapo hakuna kinacholikaza, na hapo ndipo mtikisiko unapopata nafasi.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike maoni haya. Beringi mpya za kingipini hazifungwi kwa kukisia. Hukazwa kwa kuweka washa nyembamba za vipimo mbalimbali mpaka nako igeuke kwa uzito unaotakiwa na kitabu cha Toyota. Fundi alitumia mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia samaki sokoni, akaifunga kwenye mkono wa nako na kuivuta polepole huku akisoma inapoanza kusogea, kabla hajarudisha sili na shafti ambazo zingeharibu kipimo. Upande wa kulia ulimtaka aongeze na kupunguza washa mara kadhaa na hakuonyesha haraka. Beringi za magurudumu nazo alizikaza upya kwa soketi ya milimita 54, kazi ambayo nimewahi kuona ikifanywa kwa nyundo na patasi.

Kwenye fimbo ya panhadi, bushi mpya pekee, yaani zile raba za kwenye ncha zake, zisingesaidia kitu, kwa sababu tundu la bolti kwenye kishikizo lilikuwa limelika na kuwa na umbo la yai. Walikata vipande vya chuma kinene, wakavitoboa kwa kipimo cha bolti, wakavichomelea pande zote mbili, na bolti mpya ikaingia kwa kubana. Bolti hiyo ilikazwa mwishoni kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili bushi isikae ikiwa imejipinda. Tairodi endi moja, yaani kiungio cha ncha ya tairodi, ilibadilishwa. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ilifanyika mahali pengine, na kwa ekseli ya aina hii kinachorekebishwa kwa kawaida ni upana wa mbele wa magurudumu tu, kwa kurefusha au kufupisha tairodi. Aliniuliza pia kama gari limewahi kuinuliwa kwa springi ndefu, kwa sababu kuinua mbele bila kurekebisha mikono ya ekseli hupunguza mlalo wa kingipini unaoyafanya magurudumu yarudi yenyewe katikati. La kwangu halijainuliwa, hivyo hatukugusa huko.

Sasa malalamiko. Makadirio ya kwanza niliyopewa hayakuwa na sili za ekseli wala grisi, na fundi wa uzoefu wake alipaswa kujua kwamba nako ikifunguliwa vitu hivyo havikwepeki. Bei ikapanda kazi ikiwa katikati, wakati mimi sina namna. Vifaa havikupatikana Tanga, vikaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na gari likakaa juu ya mawe bila kivuli muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa, msimu wa machungwa ukiwa umepamba moto. Risiti niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari baada ya kuiomba. Ufundi wenyewe, shilingi 180,000 bila vifaa, nauona ni wa haki ukilinganisha na nilichokwisha kulipa kule kwingine bila kupona, na vipuri vya zamani vyote nilikabidhiwa kwenye mfuko bila kuvidai.

Majaribio tulifanya pamoja hadi Muheza na kurudi, kwanza likiwa tupu, na siku nyingine nikalipeleka na mzigo kamili. Kwenye viungio vya madaraja usukani unapokea pigo moja na kuishia hapo. Umekuwa mzito kidogo kuliko zamani, jambo ambalo fundi alilieleza kuwa ni la kawaida kwa beringi mpya za kingipini. Niliambiwa nirudi baada ya wiki chache ili bolti za panhadi zikaguliwe, nikarudi, moja ilikubali robo ya mzunguko na sikutozwa kitu.

Atakayekwenda aombe makadirio ya maandishi yenye sili, grisi na washa ndani yake, na ahakikishe vifaa vimeshafika kabla gari halijafunguliwa. Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya swala na mara nyingi hawarudi kwenye kazi nzito jioni, kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo afadhali.