Ufa wa kaunta kwenye motahomu yetu, na kiraka kilichotoka kwenye kifuniko cha sinki

Dola 420, saa sita na nusu, na kifuniko kimoja cha sinki. Ndivyo vilivyonitoka kuziba ufa wa kaunta ya jikoni kwenye motahomu yetu, yaani gari lenye nyumba ndani, baada ya duka moja kuniambia kaunta nzima ing'olewe na niandae zaidi ya dola 4,000. Fundi aliyeifanya kazi hiyo nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyombania nitaifikia.

Tunaishi Fort Wayne, Indiana, na gari tulilinunua likiwa limeshatumika miaka mingi. Kaunta yake ni ile akriliki, plastiki nzito yenye sura ya jiwe, ambayo huku kila mtu anaiita Corian hata ikiwa imetoka kampuni nyingine, kama nyumbani tunavyoita kila dawa ya mswaki Kolgeti. Corian yenyewe ilibuniwa na mkemia Donald Slocum wa DuPont mwaka 1967. Theluthi moja hivi ni akriliki, iliyobaki ni unga wa madini ya alumini. Haina ngozi ya juu kama fomaika. Rangi ni ile ile kuanzia juu hadi chini, ndiyo maana unaweza kuipiga msasa na kuiunga. Kwenye gari faida nyingine ni uzito: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 12 ina kama kilo 20, wakati granaiti ya sentimita 3 hupita kilo 80.

Ufa ulianzia kwenye kona ya tundu la jiko la gesi, ukatambaa kuelekea sinki. Mama Neema alidhani ni unywele, akaufuta mara mbili.

Hapo nikafanya ujuaji. Nilinunua gundi ya epoksi ya dola chache, nikaisukumiza ndani kwa kijiti cha meno, nikajisifu. Kiangazi kimoja tu ikageuka manjano, na ufa ukaendelea na safari yake ukaipita. Fundi alipoiona alitikisa kichwa: ufa wenye epoksi ndani hauwezi tena kuingizwa gundi yake halali, kwa hiyo ilibidi akate eneo kubwa kuliko ambalo lingehitajika. Sehemu ya zile dola 420 ni faini ya ujuaji wangu.

Huyu ni fundi wa kukufuata ulipo, ana vani yake, na alitokea upande wa Elkhart, mji ambao ndio moyo wa utengenezaji wa magari haya Marekani. Hakugusa ufa kwanza. Aliuliza, "Vifuniko vya sinki mnavyo?" Nikashangaa, sinki na jiko wapi na wapi?

Kumbe kiwandani wakikata tundu la sinki, kile kipande kinachotoka hawakitupi. Wanakisawazisha kingo na kukupa kama kifuniko, ili upate pa kuandalia chakula. Maana yake kifuniko kimetoka kwenye bamba lile lile la kaunta. Na hilo ndilo jambo kubwa katika kulinganisha rangi: bamba jipya lenye jina lile lile la rangi linaweza kutofautiana kidogo na lako kwa sababu ni la mkupuo mwingine, na kidogo hicho jicho hukiona palepale vipande viwili vikikaa ubavu kwa ubavu. Yetu ilikuwa mbaya zaidi, rangi yake ilishaacha kutengenezwa. Alikuwa na sampuli kwenye vani. Mbili zilionekana pacha kabisa chini ya taa ya ndani. Akazilowesha maji, akazisogeza dirishani, moja ikawa na uwaridi na nyingine punje zake zikawa kubwa mno. Tangu siku hiyo siamini rangi yoyote niliyoichagua chini ya taa.

Vifuniko tulikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa kimegeuzwa ubao wa kukatia vitunguu, kimejaa makovu ya kisu. Alichukua hicho hicho, akasema makovu msasa utayamaliza.

Kazi yenyewe nilisimama nikaitazama yote. Alitoboa eneo lililopasuka kwa ruta, mashine ya kuchongea, akifuata kigezo cha mbao, kisha kwa kigezo hicho akachonga kiraka kutoka kwenye kifuniko, kingo zikiwa zimelala kidogo ili kikae kama kizibo. Gundi ni ya akriliki ya sehemu mbili, kumi kwa moja, yenye rangi ya kaunta. Kulikuwa na baridi ya Oktoba, akakataa kuanza mpaka hita ipashe kaunta joto, kwa sababu kwenye baridi gundi hiyo huchelewa kukauka. Alibana kiraka kwa vibanio bila kukaza sana. Ukikaza mno, aliniambia, gundi yote hutoka nje na kiungo kinabaki na njaa. Kama dakika 45 baadaye aliijaribu kwa ukucha, haikubonyea.

Kona ya tundu la jiko aliichonga ikawa ya mviringo. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa: kiwandani iliachwa na pembe kali, na akriliki hutanuka kwa joto, gari nalo hutikisika, basi nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ile. Chini yake alibandika kipande cha kuimarisha, akapitisha utepe wa alumini kuzunguka tundu kupunguza moto wa jiko.

Kisha msasa, namba 120 kwanza, akipanda ngazi hadi laini kabisa. Nilidhani ataishia kwenye kiraka. Alipiga kaunta nzima, kwa sababu mara nyingi kinachokiumbua kiraka ni mng'ao kuliko rangi: kipande kipya kinang'aa kivyake na kaunta ya zamani imechujuka. Vumbi lilikuwa jingi, jeupe kama unga wa sembe. Alifunga plastiki mlangoni na kuendesha mashine ya kufyonza, lakini hadi leo tukifungua droo ya vijiko tunalikuta. Hiyo ndiyo nyota niliyombania. Droo angezifunika.

Kiungo kinaonekana? Ukiinama asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, kuna mstari mwembamba upande mmoja tu. Wageni wawili niliowapa changamoto ya kuutafuta walishindwa. Tumeshakwenda Tennessee na kurudi, kona imetulia.

Mwenye malalamiko ni Mama Neema. "Baba Neema, sasa sahani naziweka wapi?" Nimempa ubao wa mninga tuliokuja nao kutoka Tanga. Vitunguu unakata vizuri, ila ukiuweka juu ya sinki unatumbukia.