Wodi ya watoto waliopasuliwa, hospitali moja hapa Kigoma

Mwanangu wa mwisho kafanyiwa opareshen ya henia, hospitali siitaji jina maana kuna mambo ntayasema hapo chini. Kilichonikosha ni nesi wa zamu ya usiku, yeye haulizi tu "mtoto anaendeleaje mama" akapita zake, anakuja na kikaratasi kina sura sita, ya kwanza inacheka ya mwisho inatoka machozi, mtoto ananyooshea kidole mwenyewe sura inayofanana na maumivu yake, wanahesabu 0 mpaka 10. Anaandika kwenye faili, akishampa paracetamol anarudi baadae kumuuliza tena, na kurudi huko ndo wengi hawafanyi. Wale wadogo wasiojua kusema anawaangalia uso, miguu, wanavyojinyonganyonga, kilio, na kama wanabembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2.

Sasa zamu ya mchana jamani!! Mtoto wa kitanda cha jirani kajikunja kimyaa, wao wanasema "huyu jasiri hana shida", kumbe akikohoa tu anashika tumbo, na watoto wengine wanaogopa sindano ukiwauliza wanakwambia hawaumwi. Bibi yake ndo kabishana nao weee mpaka dawa ikaja.

Chakula mnajiletea, sie tulikuwa tunaletewa ugali na samaki migebuka toka Mwanga, hapa hapa mjini. Vyoo vya kawaida tu. Ukilazwa hapo na mtoto usisubiri kuulizwa, we omba hicho kikaratasi cha sura hata mchana. Nyota 3, na zote za usiku.