Masaji safi, ila hiyo dripu mi sitaki

Nimeshaenda hapa mara tatu, ni chumba kimoja tu nyuma ya duka la spea za baiskeli huku Igoma, Mwanza, jina silitaji maana haya ya chini yanaweza kumharibia mtu riziki. Elfu kumi unachuliwa miguu nusu saa na zaidi, na jamaa anajua kazi aisee. Jumapili nilitoka Magu na baiskeli, upepo wote usoni, mapaja yamekaza kama mbao, akanichua mpaka nikasinzia, kesho yake nimepanda kilima cha Bugando kama sio mimi. Afu kuna pipa la barafu, elfu tatu. Barafu yenyewe inatoka mwaloni kwenye soko la samaki kwa hiyo ukitoka unanukia sangara kidogo lakini miguu inakuwa mipya.

Sasa mara ya tatu nimelala pale ananiambia, "Mdogo wangu, nikuwekee na dripu? Wazungu wa Tour de France ndo zao." Elfu ishirini na tano, maji ya chumvi na vitamini, na goti likisumbua kuna tramado, ile dawa kali ya maumivu. Sindano zenyewe ziko juu ya kreti la soda! Nikainuka.

Nikamwambia kaka, hao wazungu hawaruhusiwi. UCI, wale wakubwa wa baiskeli duniani, walipiga marufuku sindano za kurudisha nguvu tangu 2011, hata kama ndani ni vitamini tupu, na kwa WADA, wale wa kupambana na doping duniani, dripu ikizidi mililita 100 ndani ya masaa 12 ni kosa, labda uwe unatibiwa hospitali. Akacheka, "si maji ya chumvi tu?" Ndo hapo watu wengi wanapopotea, wanadhani doping (kutumia vilivyokatazwa ili ushinde) ni mpaka EPO, dawa ya kuongeza damu, kama za Armstrong, yule Mmarekani aliyenyang'anywa mataji ya Tour. Maji hayohayo yanaifanya damu iwe nyepesi, yani mtu aliyeiba kwa kuongeza damu akipimwa anaonekana wa kawaida.

Na hiyo tramado ndo ilimponza Quintana, mwendesha baiskeli wa Kolombia, alimaliza wa 6 kwenye Tour ya 2022 wakayafuta matokeo, ila hakufungiwa sababu wakati ule ilikuwa katazo la UCI peke yao, WADA wakaja kuiweka kwenye orodha yao 2024. Inaleta usingizi na kizunguzungu, sasa fikiria watu mia wamebanana kwenye mteremko. Kahawa nayo kabla ya 2004 ilikuwa na kikomo, leo kunywa jagi zima ukitaka, kwa hiyo mstari wa kinachokatazwa wenyewe unahamahama, nakubali.

Mwenzangu wa mazoezi ananicheka eti mbio zetu huku nani atatupima. Hakuna, kweli. Mi bado mkono wangu sitoi.

Masaji nitarudi. Nendeni jumamosi asubuhi kabla bodaboda hawajajaa, na bebeni taulo zenu, la kwake ni moja linazunguka kwa wote.