Sailensa mpya kwenye Honda Baja 250: nguvu, kelele na chumvi ya pwani

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda XLR 250 Baja, ile yenye taa mbili kubwa mbele, inayokodishwa sana Paje, Jambiani na Nungwi, Unguja. Sailensa niliyoifunga ni ya aluminiamu, ya aina ya kuingia pikipiki yoyote. Mdomo wake wa kuingilia ni milimita 51, ndani ina pamba ya glasi, na mwishoni ina kizibo cha kupunguza sauti. Jina lililobandikwa ubavuni halina maana yoyote, kwa sababu zinaletwa nyingi za namna hii na ukizifungua ndani ni zile zile.

Ukiitoa kwenye boksi ukaifunga na kuondoka, umenunua kelele tu. Nguvu ya chini itapungua na plagi itaanza kuwa nyeupe, dalili kwamba petroli ni chache. Ukiijaza pamba upya, ukakitazama vizuri kizibo chake na ukagusa kabureta, hapo pesa yako ina maana: pikipiki inakuwa nyepesi kwa zaidi ya kilo moja upande wa nyuma, inavuta vizuri kuanzia resi za kati kwenda juu, na unapita kijijini watu wakiwa wamelala bila kutukanwa.

Wapo vijana wanaoikata sailensa ya zamani wakaacha bomba tupu, wakiamini kwamba moshi ukitoka bila kizuizi nguvu inaongezeka. Injini haifanyi kazi hivyo. Moshi unaopita kwa kasi kwenye bomba lenye upana na urefu wake sahihi huacha mvuto nyuma, na mvuto huo ndio unaofyonza mabaki ya moshi kwenye silinda na kusaidia kuvuta hewa mpya, katika ule muda mfupi ambao valvu za kuingiza na za kutoa ziko wazi pamoja. Bomba tupu linauharibu mpango huo kwenye resi za chini na za kati. Unguja unaweza usione sana, njia ni tambarare. Ipeleke Pemba, upande milima ya kutoka Mkoani kwenda Chake na abiria nyuma, utaona unashuka gia mahali ambapo zamani gia ya tatu ilitosha.

Kabla ya kununua, pima. Chukua vernia, ile rula ya kubana ya kupimia milimita, pima upana wa nje wa bomba pale linapoingia kwenye sailensa ya zamani. Sailensa hizi huja na vipande vya kupunguzia mdomo, kutoka 51 hadi kama 38. Ikibaki nafasi ya zaidi ya milimita moja, usitegemee kubana kwa klempu peke yake, maana itavuja. Tengenezesha pete ya chuma kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchongea vyuma, iingie kwa kubana, kisha ndiyo klempu. Silikoni nyekundu ya kuzibia inasaidia kwenye kiungo hiki cha nyuma tu. Kule kichwani kwa silinda joto linaishinda, inaungua na kumomonyoka.

Injini hii ina valvu nne na moshi wake unatoka kwa milango miwili, mabomba mawili yanayokuja kuungana kuwa moja kabla ya kufika nyuma. Kama milango hiyo haivuji, ushauri wangu ni usiyaguse mabomba ya mbele hata kidogo. Stadi zake, yaani bolti zilizopandwa kwenye kichwa cha silinda, kwa pikipiki iliyokaa pwani miaka, zimeshikana na kutu, na ikikatika moja ndani ya aluminiamu umejitafutia kazi ya kutoboa na kukata hesi upya. Dalili ya kuvuja ni masizi meusi yanayochora mstari kuzunguka mdomo, na mlio wa tik tik injini ikiwa ya baridi ambao unapungua ikishapata moto. Ukilazimika kufungua, mwagia dawa ya kutu usiku kucha, fungua robo mzunguko, rudisha kidogo, fungua tena. Ukirudishia, tia gasketi mpya za shaba, moja kwa kila mlango, na kaza nati kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule. Gasketi ya zamani imeshapondeka umbo lake na haizibi mara ya pili.

Sasa pamba, na hapa ndipo nilipo na malalamiko makubwa na bidhaa yenyewe. Nimezitoa ribiti za mfuniko wa nyuma kwa drili kabla hata ya kuifunga sailensa. Ndani kuna bomba la matundu, na juu yake kumezungushwa tabaka moja tu jembamba la pamba ya glasi, limelegea kiasi kwamba ukiitikisa unasikia bomba linagonga. Sailensa ya namna hiyo, baada ya muda mfupi wa kuendesha kwa resi kubwa, pamba ya karibu na mdomo wa kuingilia inageuka nyeupe na kukatika kama unga, inapulizwa nje kupitia matundu, kisha joto linapiga moja kwa moja kwenye ganda la aluminiamu. Ukiona rangi ya ganda inageuka kahawia upande wa mbele, ujue ndani hamna kitu.

Kujaza upya si kazi kubwa. Zungusha kwanza tabaka moja la waya laini wa chuma kisichoshika kutu juu ya bomba la matundu, ulifunge kwa waya mwembamba. Ule wa kusugulia masufuria unafaa siku chache tu, kwa hewa yetu ya chumvi unakuwa vumbi jekundu. Juu yake zungusha pamba ya glasi iliyotengenezwa kwa sailensa, mpaka unene uwe umepita kidogo nafasi iliyopo, ili uingize ganda kwa kulisukuma kwa mikono. Ukihitaji nyundo kuingiza, umejaza mno: pamba iliyobanwa sana haili sauti, inakuwa kama ukuta. Ikiingia yenyewe bila kusukuma, imepungua.

Wengi hukimbilia faiba ya mafundi boti kwa sababu inapatikana kirahisi. Inafanya kazi, lakini ile ya mkeka ina gundi inayoshikilia nyuzi. Gundi inaungua safari za mwanzo, inatoa moshi wenye harufu kali, kisha nyuzi zinalegea na kuanza kupulizwa nje. Ukiitumia, ifunge kwa waya kila baada ya sentimita tatu au nne na utegemee kuifungua mapema. Pamba ya kuzuia joto ya mabomba ya viyoyozi ni mbaya zaidi, usipoteze ribiti zako. Na kwa aina yoyote ile vaa glovu, shati la mikono mirefu na kitambaa cha pua. Mwasho wa glasi hautoki kwa kuoga mara moja.

Ribiti nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kwa maji ya chumvi kinaliwa na kutu, na ribiti inalegea mpaka mfuniko unacheza.

Kizibo cha sauti kilichokuja kina tundu la ndani la kama milimita 20. Kwa injini ya 250 limebana. Inavuta vizuri chini, lakini ukifika resi za juu unahisi kama kuna mtu ameshika pikipiki kwa nyuma, na joto la injini linapanda, jambo ambalo si la mzaha kwa injini inayopozwa na upepo tu. Kukitoa kabisa ndiko wanakofanya wengi, nako si jibu. Fundi wa lethi alinitengenezea chengine cha milimita 26, urefu ule ule, na kipande cha wavu wa chuma ndani cha kuzuia cheche. Wavu huo usiudharau kama unapita vichakani wakati wa kiangazi, au unaegesha chini ya banda la makuti injini ikiwa bado ya moto. Kila baada ya muda utoe usuguliwe masizi, maana ukiziba unaleta dalili zile zile za kizibo chembamba.

Kuhusu kupima kelele, simu inatosha kwa kulinganisha, si kwa kutoa namba ya kweli. Simama nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, simu iwe usawa wa mdomo, injini imepata moto, shikilia resi kama 4,000. Umbali na pembe hiyo ndiyo inayotumika kwenye vipimo vya wenzetu. California, kwa mfano, pikipiki za porini zilizotengenezwa kuanzia 1986 hazitakiwi kuzidi desibeli 96 kwa kipimo cha namna hiyo. Kwangu, kizibo cha 26 kikiwamo na kikiwa nje, tofauti ilikuwa kama desibeli 6 au 7. Ikifika 10, sikio linahisi kelele zimekuwa maradufu, kwa hiyo 7 si kitu kidogo, hasa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ambako kuta zinairudisha sauti kila upande. Pima mahali wazi, fukweni au uwanjani. Ukipimia karibu na ukuta unajidanganya.

Baada ya kufunga, kabureta. Dalili ya kwanza utakayoisikia ni risasi: ukiachia resi kwenye mteremko, ekzosi inapasuka pa, pa, pa. Kabla ya kulaumu mafuta, hakikisha hakuna kiungo kinachovuta hewa. Pitisha kiganja karibu na kila kiungo injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, bado ya baridi, huku mwengine akiziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa. Upepo ukikupiga mkononi, hapo ndipo. Kama viungo ni vizima, basi mchanganyiko wa resi za chini ni mkavu, yaani petroli ni chache kuliko hewa. Skurubu ya mchanganyiko iliyo upande wa injini, mbele ya bakuli la kabureta, ukiifungua unaongeza petroli. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha ifungue mizunguko miwili na uende kwa nusu nusu. Ukijikuta umefungua zaidi ya mitatu na bado inapiga, jeti ndogo, kile kijipande chenye tundu kinachopima petroli ya resi za chini, inataka kubadilishwa kwa namba inayofuata.

Jeti kubwa, ile ya resi za juu, nimepandisha hatua mbili kutoka iliyokuwamo. Namba za jeti za Keihin, watengenezaji wa kabureta, hupanda kama 120, 122, 125, 128, kwa hiyo soma yako iliyochongwa kisha uhesabu kutoka hapo, usichukue namba ya pikipiki ya mtu. Visiwa vyetu viko usawa wa bahari, suala la mwinuko halipo, na joto letu linaifanya hewa iwe nyepesi, maana yake injini haitaki petroli nyingi kama unavyosoma kwenye maelezo ya nchi za baridi. Hatua tatu zilikuwa nyingi: plagi ilirudi na masizi makavu meusi, na ikawa inasongwa resi zikipanda. Rangi unayoitafuta ni kahawia ya chai ya maziwa. Iangalie baada ya kukimbia kwa resi kubwa, ukazima injini papo hapo na kuvuta klachi. Ukiiacha ikaunguruma taratibu kwanza, unachokisoma ni habari ya jeti ndogo. Resi za kati zikiwa bado nzito, nyanyua sindano ya kabureta ngazi moja kwa kushusha klipu yake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Madukani kuna jeti za kuiga ambazo namba inasema hivi na tundu linasema vile. Linganisha mbili kwenye mwanga kabla ya kulipa. Na fundi akitaka kuitanua ya zamani kwa sindano ya cherehani, chukua kabureta yako uondoke.

Mfuniko wa boksi la hewa sijautoboa. Ile chokaa nyeupe ya njia za mawe upande wa Makunduchi na Michamvi ni laini mno, ikipita chujio inakula pete za pistoni. Sponji safi yenye mafuta yake inatosha.

Kuning'iniza sailensa, usikubali shikio moja. Njia ya mawimbi itaichana kwenye kiungo. Weka mashikio mawili, kila moja na mpira wake. Vipande vya tairi kuukuu vinafaa. Acha angalau sentimita mbili kutoka kwenye plastiki ya ubavuni, na funga kinga ya joto upande wa abiria. Buibui au kanzu ikigusa aluminiamu ya moto inaungua kabla mwenyewe hajajua, na mguu ndio unaofuata. Kama kuna cha kuchomelea, toa bomba kwenye pikipiki kwanza. Ikishindikana, chomoa betri na waya za CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi. Bomba hili ni jembamba, fimbo nene ya umeme inalitoboa na kuacha matone ya chuma ndani yanayozuia njia ya moshi, kwa hiyo tafuta fundi wa gesi au wa MIG, mashine inayochomelea kwa waya mwembamba.

Ukipita ufukweni maji yakiwa yametoka, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, lakini ekzosi ikiwa imepoa na mdomo umezibwa kwa kitambaa. Pamba ikinywa maji, hasa ya chumvi, inakaa nayo na kuozesha bomba la matundu kutoka ndani. Ikitokea imeingia maji, endesha mwendo mrefu mpaka mvuke ukome kutoka, usiiwashe dakika mbili na kuifunika. Mabomba ya mbele nimeyapiga msasa na rangi ya kuhimili joto, ile ya digrii 600, ambayo haishiki mpaka injini iwashwe na kupozwa mara kadhaa, kila mara muda mrefu zaidi.

Sailensa ya kiwandani usiitupe wala kuwauzia wa chuma chakavu. Imwage maji yote, ipake mafuta mdomoni, izibe pande zote mbili kwa matambaa yenye mafuta na uiweke juu, pasipofika unyevu wa sakafu. Siku ya kuuza pikipiki, mnunuzi ataiulizia.