Gari Lisichemshe Mlimani: Ununue Nini Kwanza, Nini Baadaye, na Nini Ukiache Dukani

Kila Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, simama pale Himo uangalie magari yanayoiacha barabara kuu na kukata kwenda Marangu, Mwika na Rombo. Mengi yametoka Dar es Salaam usiku. Yamepita joto la Same na Mwanga bila kulalamika, yakiwa yamejaa watoto, mchele na zawadi za bibi. Kabla hayajafika Marangu Mtoni, matatu au manne yako pembeni: boneti juu, mvuke unafuka, na mzee mwenye gari ameshika dumu anaulizia maji.

Mwenye gari hushangaa. Limekimbia zaidi ya kilomita 500 salama, iweje lishindwe na kumi za mwisho? Sababu ni hizo kumi zenyewe. Kwenye tambarare, upepo wa mwendo unaipoza rejeta bure. Mlimani uko gia ya kwanza au ya pili, nyuma ya foleni ya wenzako, injini inavuta mzigo kwa nguvu zote huku upepo wa kuingia mbele ni kidogo mno. Juu ya hapo, kadiri unavyopanda maji yanachemka mapema zaidi. Moshi mjini, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha, mita 1,400, ni kama 95. Geti la Marangu, kwenye mita 1,860 na ushee, ni 94. Ukingoni Ngorongoro, mita 2,300, ni 92 tu. Injini yenyewe inapenda kufanya kazi kati ya 80 na 100. Umeona nafasi iliyobaki ilivyo finyu.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu niliunguza gasketi ya hedi (kichwa cha injini) ya Noah yangu kwenye mwinuko wa Kibosho, abiria wakiwa ndani, baada ya kutumia pesa nyingi kununua vitu vizuri kwa mpangilio mbaya. Nilianza na rejeta mpya. Kilichokuwa kimekufa kilikuwa kinauzwa bei ndogo kuliko vyote dukani.

1. Mfuniko wa rejeta

Kwangu huu unashika nafasi ya kwanza bila mpinzani. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kushikilia presha. Mfuniko mzima wa 0.9 (namba ya presha iliyoandikwa juu yake) unapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi, kwa hiyo pale getini Marangu, badala ya maji kuchemka kwenye 94, yanavumilia mpaka karibu 115. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, unarudi kwenye 94 na hujui. Gari litakwenda sawa kabisa mjini, kisha likuaibishe mlimani.

Dalili zake ziko wazi ukizitafuta asubuhi injini ikiwa baridi. Mpira wa juu wa rejeta umenywea kama umefyonzwa? Kopo la akiba linajaa kila safari lakini maji hayarudi kwenye rejeta? Kuna ukoko mweupe au wa kutu shingoni? Nunua mfuniko.

Nenda dukani na ule wa zamani mkononi. Usimwambie mwenye duka, "Mangi, nipe mfuniko wa Noah," ukachukua wowote, kwa sababu kuna wenye shingo kubwa na wenye shingo ndogo, na kina cha springi kinatofautiana. Soma namba iliyoandikwa juu, 0.9 au 1.1, uchukue ileile. Kuna wanaoshauri kupanda hadi 1.1 "ili uhimili zaidi". Kwenye rejeta na mipira iliyozeeka, presha ya ziada itatafuta palipo dhaifu, na itapapata mbali na gereji.

Na tafadhali sana: usiufungue mfuniko injini ikiwa moto, hata kama gari limejaa wageni wenye haraka. Maji yaliyobanwa kwa presha yakifunguliwa ghafla yanageuka mvuke na kuruka usoni. Subiri mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono.

2. Kulanti yenyewe

Hapa ndipo tunapodanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji ndani ya injini, na wengi wanasema basi maji ya bomba yanatosha. Kusema kweli, maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Tatizo ni kwamba yanachemka mapema na yanakula chuma. Maji yetu ya visima yana madini mengi, na kila yanapopata moto yanaacha magamba, yaleyale unayoyaona kwenye birika la chai. Magamba hayo yakiganda ndani ya vijia vya rejeta na kuta za silinda, yanazuia joto lisitoke. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji unachemka kwenye 107 usawa wa bahari hata bila presha, na una dawa ya kuzuia kutu.

Dukani utakuta za aina tatu: iliyokwisha kuchanganywa, nzito ya kwenda kuchanganya mwenyewe, na maji yaliyotiwa rangi. Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu, waridi, bluu, kila kiwanda kinachagua yake, na maji ya rangi yanapatikana katika rangi zote hizo. Tafuta kwenye lebo maneno *ethylene glycol*, ambayo ndiyo kulanti yenyewe, na kiwango cha ubora cha JIS K 2234 (cha Japani) au ASTM D3306 (cha Marekani), na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kisha fanya jaribio la mizani, ambalo hata duka la mtaani linaweza kukuruhusu. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu ni nzito kuliko maji kwa asilimia 7 hivi. Dumu lake la lita 5 linapaswa kulizidi dumu kama hilo la maji kwa gramu 350 hivi, na ile nzito ya kuchanganya inazidi zaidi ya hapo. Madumu yakilingana, unauziwa maji.

Chaguo langu ni ile iliyokwisha kuchanganywa, aina inayodumu, kama gari lako ni Toyota ya miaka ya 2000 kuendelea. Ile ya waridi ya Toyota imepangiwa kilomita 160,000 mara ya kwanza kutoka kiwandani, kisha 80,000 kila unapobadilisha. Ya pili kwangu ni ile nzito unayochanganya mwenyewe: ni nafuu zaidi kwa lita, ila usishuke chini ya theluthi moja ya kulanti, maana kinga ya kutu inapungua mno. Maji ya kuchanganyia yawe yale safi ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hilohilo kuna asidi ya betri, na zote mbili watu wanaziita maji ya betri. Usichanganye aina mbili za kulanti bila kumwaga na kusuuza kwanza.

Jambo moja la nyumbani: kulanti ina utamu, na ni sumu kali. Ukiimwaga uani, mbwa ataramba, na mtoto anaweza kuonja. Ikinge kwenye dumu, ulifunge.

3. Geji ya kweli

Mshale wa kwenye dashibodi umetengenezwa kukutuliza. Katika magari mengi ya kisasa unasimama katikati joto likiwa 80 na bado unasimama palepale likifika 100. Mshale ukianza kupanda, umechelewa. Ubaya mwingine ni kwamba maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua.

Nunua geji ya ziada yenye namba na king'ora. Iweke king'ora kwenye 105 hivi. Inapolia, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho (utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili), na uegeshe mahali salama kabla mambo hayajaharibika. Kama umepanga kununua kile kifaa kidogo cha kuchomeka na kusoma kwenye simu, kijaribu kwanza papo hapo dukani, kwa sababu magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya nyuma hayazungumzi lugha ya vifaa hivyo.

Kuna pia kipimajoto cha bastola, kizuri sana kwa kupima rejeta kutoka nje. Chukua cha mafundi. Vile vya kupima homa vilivyobaki kutoka wakati wa Korona vinaishia kwenye nyuzi arobaini na kitu, havitakusaidia.

4. Themostati

Hii ni valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Fundi wangu wa zamani aliitoa na kuitupa. "Kaka, huku kwetu joto, hii ya nini?" Nilimwamini, na nilikuja kuilipia. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mjini hutaona kitu. Mlimani ndipo deni linapodaiwa.

Nunua orijino au iliyotengenezwa Japani, yenye nyuzi zilezile zilizochongwa juu yake, mara nyingi 82. Kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Ukiwa Arusha una bahati: maji yako yanachemka kwenye 95 hivi, na kwa joto hilo inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 hadi 10. Isipofunguka, irudishe. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

5. Feni na kava lake

Kwa kuwa mlimani upepo wa mwendo hakuna, feni ndiyo upepo wako wote. Kwenye Land Cruiser za safari zinazopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, feni inashikwa na klachi yenye mafuta mazito ndani. Zima injini, isukume feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mara nyingi kama pangaboi, klachi imekufa, nunua mpya. Za umeme ni rahisi zaidi: washa kiyoyozi, angalia kama zinazunguka. Mara nyingi kibovu ni rilei (swichi ya umeme inayoiwasha feni), na rilei ni bei ndogo.

Lile kava la plastiki linaloizunguka feni watu hulitoa wakati wa matengenezo na kulisahau gereji. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Litafute hata la mtumba.

6. Rejeta

Nimeiweka hapa chini kwa sababu ndiyo ghali, na mara nyingi haina kosa. Kwanza ioshe. Vumbi la barabara za vumbi na mbegu za majani huziba mapezi yake. Mwagia maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie presha ya kuoshea gari itakayoyalaza mapezi. Kisha, injini ikiwa moto, pima uso wa rejeta kwa ile bastola. Doa lililo baridi katikati ya moto ni vijia vilivyoziba.

Kama ni ya zamani ya shaba, mpelekee fundi rejeta aifungue, azibue, achomee. Kazi nzuri inadumu miaka. Kama ni ya alumini yenye vichwa vya plastiki, usipoteze pesa kuichomea, nunua mpya, na ukiwa na nafasi chagua yenye kiini kinene. Ya mtumba ni ya mwisho kwangu: plastiki yake imeshapikwa miaka kumi na gari la mtu mwingine.

Ukibadilisha rejeta, badilisha na mipira pamoja na klipu zake. Ni pesa ndogo.

Cha kuacha dukani

Dawa za kuziba matundu. Najua zimewahi kumfikisha mtu nyumbani, na wapo pia wanaotia bizari au kuvunja yai ndani ya rejeta. Kinachoziba tundu kinaziba pia vijia na hita. Kama umelazimika njiani, basi, lakini siku inayofuata suuza mfumo wote.

Na ukishafunga ulivyonunua, toa hewa. Egesha pua ya gari ikiwa juu, na kwa vilima vyetu hutakosa pa kuegesha, jaza taratibu injini ikinguruma polepole na hita ikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Panda hadi Marangu na kurudi gari likiwa tupu. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko uangalie: maji yafike shingoni.