Gereji ya Mwanjelwa iliyonifungia ovadraivu kwenye Landrover 109, nawapa nyota nne

Wadau wa magari ya zamani Mbeya, hii ni kwa ajili yenu hasa wenye Landrover Series III, zile za 1971 mpaka 1985. Yangu ni 109, ile ndefu, ya dizeli, injini ya lita 2.25, na kila mwenye nayo anajua kero yake iko wapi, kwenye matope na mawe inaenda vizuri tu ila ukiingia lami kutoka Uyole kwenda Makambako injini inapiga kelele mpaka abiria wa pembeni hamsikilizani, ukicheki spidi iko 80.

Nikaenda gereji moja pale Mwanjelwa, jina lake silitaji lakini wenye Landrover wengi mnaijua, nikamuuliza fundi nibadilishe difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha tairi, niweke ya resho 3.54 kama ya Range Rover za zamani, au nifunge ovadraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini ukiwa kwenye mwendo. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha hakuniambia bei. Akaniuliza unatembea wapi, unabeba nini, tairi gani, halafu akachukua kalkuleta ya simu tukakaa kwenye benchi.

Hesabu yenyewe mtu yeyote anaiweza. Difu ya 109 ni 4.7, transfa boksi (lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye hai, gia zake za mwendo wa kawaida, ni 1.148, gia ya nne ni moja kwa moja, ukizidisha unapata 5.4, yaani injini inazunguka mara 5.4 tairi ikizunguka mara moja. Tairi ya 7.50-16 mzunguko mmoja ni kama mita 2.5, kwa hiyo kwenye 80 injini iko karibu 2,880 kwa dakika. Ukiweka difu ya 3.54 inashuka mpaka kama 2,170. Ukifunga ovadraivu ya Fairey ya Uingereza ambayo resho yake ni 0.782 unapata kama 2,250. Tofauti ya hizo mbili kwenye lami ni ndogo sana, na dizeli hii nguvu yake ya kuvuta iko juu zaidi kwenye 1,800 hivi, zote mbili zinakuweka karibu na hapo.

Sasa hapo ndipo fundi alipoonyesha anaijua nchi hii. Difu ukishabadilisha umebadilisha gia zote, huwezi kuirudisha ukifika mlimani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na barabara ya Chunya inapanda kupita 2,400, na injini isiyo na tabochaja inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Hii dizeli ikiwa mpya kabisa kiwandani ilikuwa na farasi 62 tu, ondoa za mwinuko, ondoa za uzee, halafu pakia magunia ya viazi nyuma. Gia ya tatu iliyokuwa inakupa 8.1 jumla sasa inakupa 6.1, mtapanda na gia ya pili njia nzima na injini inachemka.

Ovadraivu unaitoa kwa mkono ukitaka, difu yako ya 4.7 inabaki pale pale. Na kuna faida ambayo sikuitegemea, ukiiweka kwenye gia ya tatu unapata 6.3 ambayo inakaa katikati ya tatu na nne, zile kona za kupanda ambazo ya nne inazidiwa na ya tatu inapiga kelele sasa kuna gia yake. Aisee hiyo peke yake inatosha.

Kuna la spidomita pia. Kwenye hizi Landrover waya wa spidi unatoka nyuma ya transfa boksi, ovadraivu inakaa kabla ya hapo kwa hiyo usomaji haubadiliki. Ukibadilisha difu bila kurekebisha, unasoma 50 kijijini kumbe uko 66, na hapo Igawa unakutana na askari mwenye tochi. Halafu 109 nyuma ina difu nzito aina ya Salisbury, mbele ina difu ya kawaida ya Rover, zote mbili lazima ziwe resho moja maana ni foo wili, kwa hiyo ungetafuta vitu viwili tofauti.

Wenzetu Marekani wenye Camaro na Chevelle za miaka ya 60 wana mahesabu haya haya ila wao nguvu ipo ya kumwaga. Wanafunga gia boksi ya 700R4 yenye ovadraivu ya 0.70, nyuma wanaweka difu fupi, yaani ya kuvuta, ya 3.73, wakiondoka kwenye taa gari linaruka, wakiingia haiwei resho ya mwisho inakuwa 2.61 na injini imetulia. Mantiki ni ile ile, difu ichague kwa ajili ya kazi ngumu, lami iachie ovadraivu.

Kazi yenyewe walifanya safi, wanatoa kifuniko cha nyuma ya transfa boksi pale pa kufungia PTO (kifaa cha kuchukua nguvu ya injini kuendesha mashine nyingine), inaingia hapo, gia boksi haishuki. Nyota moja nimeikata kwa sababu gari lilichelewa kuliko walivyoahidi na hakuna aliyepiga simu, na baadaye gasketi ilivuja kidogo, nikarudi wakabadilisha bila kunidai hata mia.

Sasa hivi Makambako nafika tunaongea kawaida ndani ya gari, mama mkwe alisafiri nasi akalala mpaka Igurusi. Mlio mwembamba wa gia za ovadraivu upo, fundi alinitahadharisha mapema.

Mkienda muwe na hela ya kifaa mkononi maana ni used na ndicho kinachokula bajeti, ufundi ni bei ya kawaida. Kabla hujalipa kizungushe kwa mkono, sikiliza beringi, jaribu kuingiza na kutoa uone sinkronaiza, ile inayofanya gia iingie bila kukwaruza, kama ina uhai. Na ina oili yake yenyewe, kidogo sana, haichangii na gia boksi, icheki kila unapocheki ya injini.